Yule Aliyetafutwa na Wanajeshi Hakuwa Mimi

Mwanangu Zaituni,

Shuleni Tanga tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni juu yako uliye mbali. Leo mimi si mzima sana, na wewe hauko mbali. Uko Braamfontein, hapa hapa Joburg, unaagana na wenzako wa chuo, na jioni utarudi kula. Kwa hiyo nimeshauvunja utaratibu kwenye mstari wa kwanza. Mwalimu wangu wa darasa la saba, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho kwangu, anisamehe.

Mambo ya chanjo, soketi za umeme, viatu vya mvua na nani apigiwe simu ukitua Bangkok, sitayagusa. Mama yako kayaandika karatasi nzima pande mbili, kaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Nimeishi chini ya serikali nne katika nchi tatu, na inayofanya kazi ni moja tu, ya mama yako.

Mimi nina jambo jingine, na naliandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakisikia chote, lakini unanijibu kwa Kiingereza, na ukikasirika kwa Kizulu. Tatizo ni kwamba kwa Kiingereza mimi ni mwongo hodari mno. Kwa Kiingereza hicho hicho nimemuuzia mtu wa Kinshasa koti la theluji. Kwa Kiswahili uongo wangu unasikika mapema, hata mimi mwenyewe nausikia.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka Newtown na kile kitambaa cha shweshwe, cha buluu chenye vidoa vyeupe. Ukakikunjua mezani ukasema, "Hiki ni cha Pi Noi. Kutoka kwetu sote. Baba, utaniandikia jina la ule uchochoro?" Mama yako akaniangalia. Mimi nikaangalia dari, nikaona lina ufa ambao sikuwahi kuuona.

Ulipokwenda kuoga akanifuata jikoni.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mohamedi, usinifanye mteja. Mwambie. Una mpaka Jumapili. Akipanda ndege hajui, nitamwambia mimi, na unajua mimi sina lugha nzuri."

Leo ndiyo Jumapili. Umeme wamekata tena, nimekaa dirishani na kalamu yako ya chuo, na huko nje mama yako anakaanga sambusa kwenye jiko la gesi huku akijifanya haniangalii.

Hadithi unayoijua ni hii. Kwamba baba yako aliishi Bangkok miaka mitatu, akiwapokea wafanyabiashara wa Dar, wa Lubumbashi na wa hapa Joburg, akiwatembeza Pratunam kwenye nguo za jumla, akiwatafsiria na kuwapakilia mizigo. Hiyo kweli, na kwa kazi hiyo hakukuwa na mtu aliyenifikia. Nilikuwa nikiingia duka, bei inashuka yenyewe kwa heshima. Kwamba wanajeshi walipochukua nchi, baba yako alisema maneno makali juu yao, wakamtafuta. Na kwamba mwanamke mmoja mshona vifungo, Pi Noi, alimficha nyuma ya nguo zake mpaka hatari ikapita. Uliiandika hadithi hiyo kwa Kiingereza ulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu akakupa alama za juu. Nikaisoma kwa sauti hapa uani, na mimi mwenyewe nikatokwa na machozi. Hebu fikiria uchafu huo: mtu anaulilia uongo wake mwenyewe.

Yule aliyetafutwa na wanajeshi hakuwa mimi, mwanangu. Alikuwa Pi Noi. Na mimi ndiye niliyewaonyesha alipo.

Nianze mwanzo. "Pi" kule ni kama sisi tunavyosema dada, mtu aliyekuzidi umri kidogo. Noi alikuwa na kimeza chake kwenye uchochoro wa pale Pratunam, cherehani moja na makopo ya biskuti yaliyojaa vifungo. Nguo za jumla hutoka kiwandani na vifungo vinavyoning'inia kama meno ya mtoto, basi mimi nilimpelekea mashati ya wateja wangu ayakaze. Kila asubuhi nikipita namsalimia. Hapo ndipo ulipo upumbavu wangu, na ni upumbavu ambao mtu asiyekuwa Mswahili asingeuweza.

Unajua sisi tukiulizana habari hatutaki habari. Mtu kafiwa, kaibiwa, kafukuzwa kazi, muulize habari za asubuhi, atajibu nzuri. Ndipo avute pumzi aseme, ila tumefiwa. Ndivyo tulivyo. Sasa mimi nikaibeba salamu yetu nzima nzima nikaitia katika Kithai. Nikauliza watu, habari kwa Kithai ni nini? Wakaniambia, khao. Basi kila siku, "Pi, khao arai?" Habari gani?

Hakuna Mthai anayemsalimia mtu hivyo. Wao huulizana kama umeshakula wali. Na wali nao huitwa khao! Tofauti ni sauti tu: moja iko chini tangu mwanzo, kama mtu anayenong'ona msibani, nyingine inaporomoka kama mtu aliyekosea ngazi. Mimi ngazi zote nilikosea. Wiki tatu nzima, kila nikimuuliza habari, Pi Noi ananiletea sahani ya wali. Nikajitapa kwa wenzangu: "Mimi kule uchochoroni nikisalimu tu, nalishwa. Nyota yangu hiyo."

Siku moja akashtuka mwenyewe akagundua. Alicheka mpaka akajidunga sindano. Akanishika kidevu, akanifundisha ile sauti ya chini, mara kumi, mara ishirini, mpaka ikakaa. Tangu siku hiyo nikiuliza habari, ananipa habari. Mimi nilikuwa natoa salamu, yeye alikuwa anajibu swali.

Na habari za nchi ile zilikuwa zinatia kinyaa, Zaituni, nisikufiche. Lori limepinduka, dereva kabanwa, na majirani wanakimbia kuchungulia. Wanachochungulia ni namba ya gari, wakaichezee bahati nasibu. Mganga anauza dawa ya kumfanya mtu asikamatwe na polisi, kakamatwa na polisi. Mwenye gari la fahari kagonga mtu, na mpaka leo kesi inatafutiwa kiti cha kukaa. Halafu anashusha sauti, anahamia kwa wanajeshi. Waliichukua nchi kama mtu anavyochukua kiti cha mwenzake aliyeinuka kwenda msalani. Wakasema wamekuja kuwarudishia watu furaha. Kila Ijumaa jioni mkubwa wao anajaa kwenye televisheni zote, chaneli hii yeye, chaneli ile yeye, anafundisha watu namna ya kufurahi. Na anayelalamika wanamwita kambini siku kadhaa, akarekebishwe mtazamo. Hilo ndilo jina lake rasmi. Kurekebishwa mtazamo, kama miwani!

Siku moja, huku anauma uzi kwa meno, Pi Noi akasema, "Wanasema wananirudishia furaha. Furaha yangu haikupotea. Kilichopotea ni kura yangu."

Mwanangu, nilipenda yale maneno kama mtu anavyopenda saa ya mwenzake. Nikayachukua. Mchana ule ule niko kwenye mgahawa tuliokuwa tunakulia sisi Waafrika, nikayatoa mezani kama yangu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kithai changu kile, ili kila mtu ajue kwamba hapa amekaa mtu anayezijua siasa za nchi hii kutoka ndani. Watu wakacheka. Karani mmoja wa ofisi ya mizigo, Mthai, hakucheka. Akauliza kwa upole, "Maneno mazuri. Ya nani?"

Mtu mwenye akili angejibu, ya watu tu. Hata kama ningeendelea na wizi wangu nikasema ni yangu, ingekuwa afadhali. Lakini mimi nilitaka aamini kwamba nina watu wangu wa ndani. Nikanyoosha kidole hadi ng'ambo ya uchochoro. "Ya yule pale, mshona vifungo. Dada yangu yule. Hanifichi kitu."

Sijui kama karani ndiye aliyeyapeleka. Nimemtupia yeye lawama miaka yote hii kwa sababu ni rahisi. Lakini kidole kilikuwa changu.

Baada ya siku chache walikuja askari wawili na mtu mmoja wa nguo za kiraia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha Pi Noi, nakula wali alioniletea. Wakaniomba paspoti. Viza yangu ilikuwa imekwisha, nami nilijua, na tumbo likaniambia mara moja: Mohamedi, leo ni jela au ndege. Askari mmoja, kijana tu, chunusi zimemjaa shavuni, akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu mama huzungumza siasa na wewe?"

Ningeweza kusema sijui Kithai, na Mungu ashuhudie ingekuwa karibu kabisa na ukweli. Ningeweza kusema tunazungumza vifungo. Nilisema hivi: "Ndiyo, afande. Anasema sana. Mimi humwambia aache."

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenipandishia sauti. Na yule kijana alinirudishia paspoti bila hata kuufungua ukurasa wa viza.

Pi Noi Kiingereza hakukijua, ila neno siasa kwa Kiingereza kila mtu mle uchochoroni alilijua siku hizo, na uso wangu ulimtafsiria yaliyobaki. Alikunja shati alilokuwa analishona, akachomeka sindano mahali pake, akavaa viatu. Wakati anaondoka akanitazama, mimi na sahani yangu, akasema, "Maliza kula."

Na mimi nilimaliza, Zaituni. Nilikaa pale pale nikamaliza ule wali wote.

Jambo hilo ndilo linalonitapisha kuliko maneno. Maneno naweza kusema yalinitoka kwa hofu. Wali ule nilitafuna kwa meno yangu, kijiko baada ya kijiko, askari wameshaondoka, hakuna anayenilazimisha.

Alirudi baada ya wiki moja. Walikuwa wamemsainisha karatasi kwamba hatazungumza siasa tena, na mwenye jengo hakutaka tena kumpangisha. Nilijificha katikati ya makoti ya duka la jirani nikamwona akipakia cherehani kwenye kitoroli na makopo yake ya vifungo, peke yake, akisimama kila hatua chache kukaza kamba. Nilikuwa na mikono miwili mizima. Sikutoka. Kwa hiyo ndiyo, kuna mtu alijificha nyuma ya nguo katika hadithi yangu. Hapo sikudanganya.

Nikarudi Joburg. Mara ya kwanza nilisema tulifukuzwa. Mara ya pili nilifukuzwa mimi. Kufika Iddi nilikuwa nimeshatafutwa na jeshi zima, na Pi Noi kanificha. Nilimpa yeye kazi nzuri katika uongo wangu, nadhani kama fidia. Mama yako alinibana siku moja kwa maswali mawili tu, nikasema kweli. Akaniambia, "Mtoto asijue sasa, bado anasoma." Kisha tukakuacha ukaendelea kujivunia.

Unaniona kila asubuhi ninavyomsomea fundi wetu Mkongo, Papa Ilunga, habari za Thailand kwenye simu, yeye yuko kwenye cherehani yake hapo barazani. Unadhani ni ujuaji. Ni ujuaji pia, sikatai. Juzi aliniuliza, "Mzee, ile inchi yako, sasa iko na président ao iko na soldat?"

"Walipiga kura mwaka huu, Papa. Mkubwa wa wanajeshi kavua magwanda, kavaa suti, kakaa kiti kile kile."

"Ah, kumbe ni kama kwetu! Banabadilisha nguo tu. Basi analeta suti kwangu, namupunguzia mikono."

Tukacheka. Lakini mimi, kati ya habari zile, huwa natafuta jina moja. Kila anapokamatwa mwanamke wa makamo nasoma mara mbili. Sijawahi kuliona. Na sijawahi kumtafuta kwa njia nyingine yoyote, ingawa wateja wangu wa zamani wangali wanapita Pratunam kila mwezi na ningeweza kumwagiza mmoja tu akaulize. Habari za nchi ile nazilaani kila siku, naziita uozo, natema mate. Ni rahisi kuchukizwa na jenerali. Yuko mbali.

Za hapa nazo je? Usidhani nakutoa peponi nakupeleka kwenye uchafu. Uchafu tunao. Wakubwa wamekula mpaka wakatulaza gizani, na mtu wa chini akiwa na njaa anaelekezwa dirisha la spaza, kile kiduka cha Msomali. Mwezi ule wa fujo za kuwawinda wageni, mwaka huu huu, walipokuja wale vijana watatu getini kwetu Bellevue, mmoja na fimbo ya gofu, mimi nilikuwa nyuma ya mlango na Papa Ilunga alikuwa chini ya meza yake. Ulitoka wewe. Sikukutuma. Ulitoka na taulo kichwani.

Wakakuuliza kwa Kizulu, "Yule Mkongo wa mashine yuko humu?"

Ukasema, "Mkongo gani? Hapa yuko malume wangu, mjomba wangu wa damu, na amelala."

"Malume wako anaongea Kifaransa?"

"Akilewa anaongea hata Kichina. Wewe, Sbu, mama yako anajua umebeba fimbo ya watu? Nimpigie?"

Yule mwenye fimbo akaishusha. Wakaondoka wakitukana, lakini wakaondoka. Wewe ukarudi ndani ukaniambia, "Baba, sharp, wameenda," ukaendelea kukausha nywele.

Uliulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi. Kuna mtu humu? Na ulikuwa na cha kupoteza zaidi yangu, maana mimi ilikuwa viza tu. Siku ile Papa Ilunga alikukumbatia akakuita mutoto wa simba, akanipongeza kwa malezi, na mimi nikapokea pongezi. Nilizipokea, Zaituni! Nikasema, "Eish, Papa, damu haipotei." Nikaingia chooni nikakaa humo mpaka mama yako akagonga.

Sasa kesho unakwenda kufundisha watoto wa kule Kiingereza, na kabla ya kupanda basi la kwenda mkoani una siku mbili Bangkok, na kitambaa cha buluu kwenye sanduku, na asante ya kumpa mwanamke kwa kumwokoa baba yako. Siwezi kukuacha usimame mbele ya Pi Noi na asante hiyo. Ingekuwa mara ya pili namtuma mtu kwake, na safari hii ningekuwa nimekutuma wewe.

Jina la uchochoro nimeliandika nyuma ya karatasi hii, na jina la duka lililokuwa jirani yake. Huenda yuko mahali fulani karibu, huenda alirudi kwao kaskazini, huenda asitake kusikia jina langu. Uende au usiende, hilo ni lako. Ukienda, usiseme baba anakusalimu. Usiniombee msamaha pia, hiyo ni kazi yangu na nimeichelewesha mwenyewe. Sema wewe ni mtoto wa Mohamedi, kisha unyamaze, umwache yeye achague. Na ukizungumza naye usizungumze hadharani, wala usimwambie mtu mwingine kule alichokusimulia, hata kama ni kizuri kiasi gani, hata kama ulimi unakuwasha. Najua wewe una ulimi wangu. Moyo sijui uliupata wapi, nadhani kwa mama yako.

Mimi ningali baba yako yule yule mwenye maneno mengi. Kesho uwanja wa ndege nitajitapa kwa mtu wa mizigo kwamba nimeruka na ndege zote za dunia, utaniona. Sitaweza kujizuia. Lakini ile hadithi ya wanajeshi sitaisimulia tena, na Papa Ilunga nitamwambia mwenyewe kabla hujaondoka, ili usibaki wewe ndiye unayetunza siri yangu.

Nilitaka kuitia barua hii ndani ya sanduku, uikute ukiwa angani. Mama yako akasema huo ni ujanja wa kumfanya mtoto alie peke yake kati ya watu asiowajua. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, kabla ya chakula.

Geti limelia. Nasikia sauti yako hapo nje unamtania Papa Ilunga. Ukiingia utakuja moja kwa moja kunikumbatia, kama kawaida yako. Leo usinikumbatie kwanza. Kaa, soma. Mimi niko hapa dirishani, siendi popote.

Baba yako,
Mohamedi